Seva Mbili, Umeme Mmoja: Huduma Isiyokatika Inawezekanaje Mbeya na Iringa?

Mei 2021 mfumo wa LUKU ulikwama kwa siku kadhaa nchi nzima. Watu waliokuwa na fedha mkononi walishindwa kununua umeme, foleni zikajaa kwenye ofisi za TANESCO, na Waziri wa Nishati wa wakati huo akaagiza wakuu wa TEHAMA wa shirika hilo wasimamishwe kazi. Mitambo ya kuzalisha umeme ilikuwa inazunguka na nyaya zilikuwa na umeme. Kilichokosekana ni mfumo wa kompyuta wa kumpa mteja tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita.

Tangu hapo tumezidi kuzitegemea kompyuta. Halmashauri inakusanya mapato kwa kontroli namba. Hospitali inamsajili mgonjwa, inampima na kumwandikia dawa ndani ya mfumo. Chuo kinasajili wanafunzi na kutoa matokeo mtandaoni. Mfumo ukishuka, mgonjwa hukaa kwenye benchi, mwanafunzi hukosa usajili, na mwanachama wa SACCOS huambiwa arudi kesho.

Nyanda za Juu Kusini zinaguswa moja kwa moja. Mbeya ina hospitali ya rufaa ya kanda inayohudumia mikoa kadhaa, pamoja na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST. Iringa ina hospitali ya rufaa ya mkoa, Chuo Kikuu cha Iringa, RUCU na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Je, taasisi kama hizi zinaweza kujenga zenyewe huduma isiyokatika, kwa Linux na programu huria?

Jibu la makala haya ni ndiyo, kwa masharti. Programu ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Uzito uko kwenye vitu ambavyo seva zote zinavitegemea kwa pamoja: umeme, faiba, chumba na fundi. Anayenunua seva ya pili bila kuvigusa hivyo ameongeza gharama tu, hatari imebaki palepale.

Klasta inafanya kazi gani

Klasta ya aina hii ni seva mbili au zaidi zinazotoa huduma moja, ili mmoja wa mitambo ukianguka mwingine uishike huduma bila kumsubiri fundi. Katika Linux kazi hii ilianza mapema. Mradi wa Linux-HA wa mwishoni mwa miaka ya 1990 ulizaa programu ya Heartbeat. Leo nafasi yake imechukuliwa na jozi ya Corosync na Pacemaker. Corosync hupitisha ujumbe mfupi kati ya seva bila kukoma, ili kila moja ijue kama wenzake wapo hai. Pacemaker ndiyo huamua: hifadhidata iendeshwe wapi, anwani ya IP wanayoijua watumiaji ihamie wapi, kipi kianze kabla ya kipi.

Data nayo lazima iwe pande zote. DRBD, kazi ya kampuni ya LINBIT ya Vienna, iliingizwa kwenye kiini cha Linux mwaka 2010. Hunakili kila kinachoandikwa kwenye diski ya seva moja kwenda ya pili. Hifadhidata kama PostgreSQL na MariaDB zinaweza kujinakili zenyewe. Kwa tovuti za kawaida Keepalived na HAProxy hutosha. Anayetaka kusimamia yote kwa kubofya kwenye kivinjari hutumia Proxmox, iliyojengwa juu ya Debian na inayotegemea Corosync hiyohiyo ndani yake.

Zote zinapatikana bila kulipia leseni. Mwanafunzi makini anaweza kuzifunga maabara kwa siku chache, akachomoa waya wa seva moja na kuona huduma ikihamia ya pili ndani ya sekunde chache. Maabara, hata hivyo, haina radi ya Februari wala greda la barabarani.

Hesabu inayodanganya

Seva iliyo hewani asilimia 99 ya mwaka huwa chini kwa zaidi ya siku tatu na nusu. Tukiwa na seva mbili za namna hiyo, na kila moja ikiharibika kwa sababu zake, uwezekano wa kuzikuta zote zimeanguka kwa pamoja ni 1 kwa 10,000. Hiyo ni kama dakika 53 kwa mwaka. Ndiyo hesabu inayoandikwa kwenye maombi ya bajeti, na ndiyo inayomshawishi mkurugenzi kusaini.

Sharti lake husahaulika: kila moja iharibike kwa sababu zake. Seva mbili ndani ya kabati moja, kwenye swichi moja, zikilishwa na UPS moja, zina sababu nyingi za kufa pamoja. Chumba kikiwa na umeme asilimia 99 ya mwaka, huduma haiwezi kuvuka asilimia 99 hata kikijazwa seva kumi, na siku tatu na nusu zinarudi zote. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mpangaji ni kuandika orodha ya vitu ambavyo seva zake zinachangia, kisha kuvitenganisha kimoja kimoja, akianza na kile kinachokatika mara nyingi zaidi. Kwetu hicho ni umeme.

Umeme na radi

Iringa iko jirani na maji yaliyoibeba gridi kwa miongo: Mtera yenye megawati 80, Kihansi 180, na Kidatu 204. Laini ya kilovolti 220 hutoka Kidatu, ikapita Iringa na kuendelea hadi Mbeya. Ukaribu huo hauwaondoi wakazi wake kwenye matatizo ya gridi. Mgawo wa mwaka 2023 ulifika kila mkoa uliounganishwa, na Aprili 2024 hitilafu ya Gridi ya Taifa ilizima sehemu kubwa ya nchi kwa mara moja. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limepunguza uhaba wa umeme, lakini haliwezi kuzuia nguzo kuanguka Uyole wala transfoma kuungua Kihesa.

Kinga ya kwanza ni kuzipa seva njia mbili za umeme. Seva nyingi za kazi zina soketi mbili za kuingizia umeme. Kila moja iende kwenye UPS yake. UPS nazo ziunganishwe na seva kupitia programu huria ya NUT, ili betri ikikaribia kuisha seva zizimike kwa utaratibu. Hifadhidata iliyozimwa kwa utaratibu huamka salama. Iliyokatwa ghafla inaweza kuamka na majedwali yaliyoharibika.

Kinga ya pili ni jenereta, na hapa tuna somo la jirani. Agosti 25, 2023 Kenya ilipata giza la nchi nzima, na Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ukabaki gizani kwa sababu jenereta lililotakiwa kuwaka halikuwaka. Serikali iliomba radhi hadharani na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa. Jenereta lilikuwepo, kilichokosekana ni uhakika kwamba litawaka. Jenereta linalojaribiwa bila mzigo, dakika chache kwa mwezi, halijajaribiwa. Zima umeme wa TANESCO makusudi, ulibebeshe jenereta chumba kizima, kisha upime limechukua muda gani na UPS zimebakiwa na chaji kiasi gani.

Radi ni adui mwingine. Msimu wa mvua wa nyanda hizi huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na radi huandamana nayo. Waya wa shaba unaounganisha jengo moja na jingine huibeba radi hadi ndani ya swichi. Kipande cha faiba kati ya majengo hakiwezi kufanya hivyo. Kuchimbia waya wa ethi kitaalamu na kutumia faiba nje ya jengo ni hatua za gharama ndogo zinazookoa mitambo ya gharama kubwa.

Hali ya hewa yetu ina upande wake wa neema. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake hupunguza kazi ya viyoyozi. Betri za asidi ya risasi hupoteza takriban nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya nyuzi 25 za Selsiasi. Chumba cha seva cha Mbeya au Iringa, kikipitisha hewa vizuri na kuzuiliwa vumbi, kinatunza betri vizuri kuliko chumba cha pwani.

Akidi, na hatari ya viongozi wawili

Tuseme waya unaounganisha seva mbili umekatika. Kila moja inaacha kuisikia nyingine. Kila moja inahitimisha kwamba mwenzake amekufa, inachukua anwani ya IP, inafungua hifadhidata na kuanza kuandika. Mafahali wawili hawakai zizi moja: baada ya dakika kumi hospitali ina rejesta mbili za wagonjwa zisizolingana, na hakuna programu ya kuziunganisha bila kumpoteza mtu.

Ndiyo maana klasta hupiga kura. Huduma huendeshwa na upande wenye zaidi ya nusu ya kura zote, yaani wenye akidi. Seva mbili zikitengana hakuna yenye zaidi ya nusu, hivyo kura ya tatu ni ya lazima. Si lazima iwe seva kamili. Corosync ina programu ndogo, QNetd, inayoweza kukaa kwenye kompyuta ya kawaida katika jengo jingine au mji mwingine, kwa sababu inavumilia mtandao wa taratibu.

Akidi peke yake haitoshi. Kabla ya kuchukua huduma, seva yenye akidi lazima iwe na hakika kwamba mwenzake haiandiki tena, na njia ya kawaida ni kumzima kwa nguvu kupitia kadi ya usimamizi iliyomo ndani ya seva hiyo. Mafundi wengi huiruka hatua hii kwa sababu ni ngumu kuipanga na inatisha. Ikirukwa, klasta inaweza kuharibu data ambayo seva moja isingeiharibu.

Hapa pana mtego unaozigusa hasa sehemu zenye umeme wa kusuasua. Kadi ile ya usimamizi hulishwa na umeme wa seva yenyewe. Umeme wa seva ya kwanza ukikatika kabisa, kadi nayo inazimika. Seva ya pili inatuma amri ya kuzima, haijibiwi, inashindwa kuthibitisha, na kwa tahadhari inakataa kuchukua huduma. Klasta iliyofungwa kwa kufuata mwongozo inaganda siku ileile iliyojengewa. Dawa zipo: njia mbili za umeme kwa kila seva; kifaa cha kugawa umeme kinachoamrishwa kupitia mtandao; au kipima-muda cha ndani kinachosimamiwa na programu ya SBD, ambacho huiwasha upya seva yoyote iliyopoteza akidi. Kwa taasisi yenye kura tatu, njia hii ya mwisho ndiyo ya bei nafuu.

Kuna mpangilio mwingine mmoja unaostahili kutajwa. Umeme ukirudi baada ya giza refu, seva zote huamka kwa pamoja, na huenda ile iliyozimika mapema ikatangulia ikiwa na data ya zamani. Corosync ina mpangilio uitwao wait_for_all, unaozuia huduma kuanza hadi wanachama wote waonane kwanza. Uwekwe.

Faiba moja, kampuni mbili

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, unapita Iringa na Mbeya kuelekea Tunduma kwenye mpaka wa Zambia na Kasumulu kwenye mpaka wa Malawi. Bila mkongo huo mjadala huu usingekuwepo. Lakini makampuni mengi ya intaneti hukodi njia ndani ya mkongo huohuo. Taasisi inayolipia kampuni mbili kwa ajili ya usalama inaweza kugundua, siku greda linapochimba kando ya barabara ya TANZAM, kwamba zote mbili zilikuwa kwenye bomba moja. Swali la kumwuliza mtoa huduma kabla ya kusaini ni hili: faiba yenu inatoka jengo letu kupitia barabara gani, na mnakutana wapi na yule mwingine? Jibu likiwa la kubabaisha, njia ya pili iwe redio au setilaiti.

Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Mifumo iliyokaa Ulaya au Marekani ilikuwa migumu kufikika. Seva iliyopo Mbeya na mtumiaji aliyepo Mbeya havihitaji bahari. Hiyo ni hoja nzito ya kuweka huduma muhimu ndani ya nchi, hata ndani ya mji, mradi mfumo usitegemee kitu kingine kilicho nje ili tu mtumiaji aweze kuingia.

Je, seva moja ikae Mbeya na ya pili Iringa, ziwe klasta moja? Kwa mwendo wa mwanga inawezekana. Miji hii imetengana kama kilomita 330 kwa barabara, na mwanga ndani ya faiba husafiri kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo safari ya kwenda na kurudi haipungui milisekunde 3.3. Hifadhidata inayosubiri uthibitisho wa mji wa pili kwa kila muamala, mmoja baada ya mwingine, haitavuka miamala takriban 300 kwa sekunde. Kwa SACCOS hiyo ni nyingi mno.

Kikwazo ni kukatika kwa njia. Oktoba 21, 2018 GitHub, yenye wahandisi na fedha nyingi kuliko taasisi yoyote ya hapa, ilipoteza mawasiliano kati ya vituo vyake kwa sekunde 43 tu. Mfumo wake ulihamisha uongozi wa hifadhidata kutoka pwani ya mashariki ya Marekani hadi ya magharibi, wakati pande zote mbili zilikuwa na maandishi ambayo mwenzake hakuwa nayo. Kurekebisha kulichukua saa 24 na dakika 11. Kwa hiyo kati ya Mbeya na Iringa data inakiliwe bila kumsubirisha mtumiaji, na uamuzi wa kuhamishia huduma mji wa pili uachiwe mtu mwenye mamlaka. Kuhama kwa otomatiki kubaki ndani ya eneo moja, ambako waya ni mfupi na uko chini ya ulinzi wetu.

Nakala hai si akiba

Klasta hunakili makosa kwa uaminifu uleule inaonakili kazi nzuri. Fundi akifuta jedwali kwenye seva ya kwanza, linafutika kwenye ya pili papo hapo. Januari 31, 2017 mhandisi wa GitLab alifuta data kwenye seva ya uzalishaji akidhani yuko kwenye ya akiba. Walipogeukia njia zao za hifadhi wakakuta hazifanyi kazi ipasavyo, wakaokolewa na nakala ya saa sita nyuma iliyokuwepo kwa bahati.

Kila usiku, kwa hiyo, itolewe nakala kamili, isimbwe, na ipelekwe mahali ambapo nenosiri la seva haliwezi kuifuta. Hapa ndipo miji hii miwili inaweza kufaana: taasisi ya Mbeya itunze nakala ya mwenzake wa Iringa, na ya Iringa itunze ya Mbeya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inadai uangalifu, hasa kwa taarifa za wagonjwa. Hivyo makubaliano yaandikwe, na funguo za usimbaji zibaki kwa mwenye data.

Nani ajenge, nani asijenge

Hospitali yenye mfumo wake ndani ya jengo ina hoja kubwa kuliko wote, kwa sababu wodi na maabara vinaendelea kuutumia hata intaneti ikikatika. Ijenge seva mbili katika majengo mawili ya eneo moja, na kura ya tatu jengo la utawala. Chuo kikuu kijenge pia, kwa sababu mbili: siku za usajili na matokeo watumiaji huja kwa wingi, na klasta yenyewe ni darasa. MUST inafundisha fani hizi. Wanafunzi wanaoendesha klasta ya kweli, chini ya usimamizi, watatoka wakijua kile ambacho vitabu haviwezi kuwaonyesha.

SACCOS ndogo au chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Mbozi kisijenge. Seva moja nzuri yenye diski pacha, UPS inayoaminika na nakala ya kila usiku inatosha, au mfumo ukodishwe kwa mtoa huduma mwenye kituo cha data nchini. Klasta isiyo na wa kuitunza huanguka mara nyingi kuliko seva moja, kwa sababu ina sehemu nyingi za kuharibika.

Na huyo wa kuitunza asiwe mmoja. Katika taasisi nyingi fundi ni kijana mmoja mwenye nenosiri zote kichwani. Akiugua, akipata kazi Dodoma, au akiwa msibani Tukuyu, taasisi imepoteza kitu ambacho seva ya akiba haiwezi kukirudisha. Wawepo wawili angalau, na maelekezo yaandikwe kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, ili hata mhasibu wa zamu ajue nani apigiwe simu na kipi kisiguswe. Matoleo ya Linux nayo yafuatiliwe: CentOS 7 ilifikia mwisho wa matunzo Juni 30, 2024, na seva inayobaki nayo haipati tena marekebisho ya usalama kutoka kwa waliokuwa wakiitunza.

Cha kufanya

Mpangilio wa matumizi ufuate mpangilio wa hatari. Shilingi ya kwanza iende kwenye ethi, UPS na jenereta lililojaribiwa. Ya pili iende kwenye nakala ya usiku iliyo nje ya jengo na iliyowahi kurejeshwa kwa majaribio. Ya tatu imsomeshe fundi wa pili. Seva ya pili na kura ya tatu zije baada ya hapo, na njia ya pili ya faiba mwisho.

Kisha ije nidhamu ya kujaribu. Kila robo mwaka, Jumapili asubuhi kwa taarifa rasmi, seva inayobeba huduma izimwe makusudi, muda upimwe, na kilichoshindikana kiandikwe na kupewa mtu wa kukirekebisha kabla ya jaribio lijalo. Bodi na mganga mfawidhi hawahitaji kuijua Pacemaker ili kulisimamia hili. Wanahitaji kudai karatasi moja mezani yenye mambo matatu: tarehe ya jaribio la mwisho, dakika ambazo huduma ilikuwa chini, na jina la aliyerejesha data. Taasisi isiyoweza kuitoa karatasi hiyo bado haina klasta, hata kama seva mbili zinawaka taa chumbani. Na kiongozi anayeidai atakuwa amewalinda wagonjwa na wanafunzi wake kuliko yule anayesaini ununuzi wa seva ya tatu.